Nyonga yenye kasoro: Haki haiji bila daftari

Wakati wa likizo iliyopita nilikwenda Kilifi kumjulia hali mwalimu aliyenifunza ngeli za Kiswahili nikiwa shule ya msingi. Nilipobisha hodi na kumwamkia, aliitikia "Marahaba, mwanangu" akiwa kitini, wala hakuinuka kunilaki kama ilivyokuwa desturi yake. Mkongojo ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mwaka 2015 mwalimu huyu alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya kibinafsi, akaondolewa kichwa cha mfupa wa paja kilichokuwa kimelika na kuwekewa nyonga ya bandia. Kwa miaka minne alitembea vyema hata akarejea shambani. Kisha maumivu yakaanza kinenani, na kila alipopanda ngazi alihisi kitu kikikwaruza ndani kwa ndani. Mwaka 2022 daktari mwingine alimpasua tena, akakuta nyama iliyoizunguka nyonga ile imegeuka rangi na kufa. Akakitoa kiungo kile na kumwekea kingine.

"Sasa, mwanangu," akaniuliza, "wewe uliyesoma vitabu vingi, nimshtaki nani?"

Nilimwomba anionyeshe karatasi zake. Alikuwa na stakabadhi moja tu, iliyoandikwa "upasuaji wa nyonga" pamoja na kiasi cha fedha alicholipa. Jina la kampuni iliyokiunda kiungo halikuwamo, wala nambari yake. Hospitali ya kwanza ilikuwa imemjibu kwamba faili yake haionekani. Kiungo chenyewe kilichotolewa, ambacho kingekuwa shahidi wake mkuu, kilitupwa pamoja na taka za chumba cha upasuaji. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo swali lile nilirudi nalo Nairobi kama deni, na makala haya ni jaribio la kulilipa.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuondoe hofu. Upasuaji wa kubadilisha nyonga ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya tiba katika karne ya 20. Daktari Mwingereza, John Charnley, ndiye aliyeustawisha katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, mwaka 1962, kwa kutumia kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha taarifa za wagonjwa wa nchi kadhaa, ulikadiria kwamba takriban asilimia 58 ya nyonga za bandia hudumu miaka 25. Kwa hivyo simshauri yeyote aliyelemewa na maumivu ya nyonga aukimbie upasuaji. Ninalouliza ni hili: pale kiungo kinapoharibika mapema kwa sababu kilikuwa kibovu tangu kilipotoka kiwandani, mgonjwa ana njia zipi za kudai haki yake?

Kisa kinachotufunza zaidi kuhusu jambo hili ni cha nyonga iliyoitwa ASR. Iliundwa na DePuy, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson ya Marekani, ikaanza kuuzwa nje ya Marekani mwaka 2003 na ndani ya nchi hiyo mwaka 2005. Tofauti na ile ya Charnley, kichwa na kikombe chake vyote viwili vilikuwa vya chuma kilichochanganywa kwa kobalti na kromiamu. Ilitumainiwa kwamba chuma juu ya chuma kingedumu kuliko plastiki, na kwamba wagonjwa ambao bado wana nguvu wangeweza kurejea katika michezo na kazi nzito. Lakini chuma kikisuguana na chuma hutoa chembe ndogo mno. Chembe hizo ziliingia katika nyama na katika damu. Nyama ikavimba na kufa, kiungo kikalegea, na mgonjwa akalazimika kupasuliwa tena. Isitoshe, kikombe cha ASR kilikuwa na kina kifupi kuliko vikombe vingi vya aina hiyo, na kila kilipokaa upande kidogo, msuguano ulizidi kwenye ukingo wake.

Agosti 2010 kampuni iliiondoa nyonga hiyo sokoni duniani kote, baada ya watu wapatao 93,000 kuwekewa. Takwimu za Uingereza zilizotolewa wakati huo zilionyesha kwamba katika muda wa miaka mitano, kati ya asilimia 12 na 13 ya wagonjwa walikuwa wamehitaji upasuaji wa marudio. Hesabu ya ndani iliyofanywa na kampuni yenyewe mwaka 2011, ambayo ilifichuka mahakamani mwaka 2013, ilikadiria kwamba kiwango hicho kingefika kama asilimia 37.

Ni nani aliyeligundua tatizo hili? Mgonjwa mmoja peke yake asingeweza, maana angedhani ni uzee au ni bahati mbaya. Daktari mmoja naye asingeweza, kwa kuwa kila daktari huona wagonjwa wachache wa aina moja. Waligundua wenye madaftari. Uswidi ilianza daftari la taifa la nyonga za bandia mwaka 1979. Australia ikaanza lake mwaka 1999. Uingereza na Wales zikafuata mwaka 2003. Katika madaftari hayo kila nyonga inayowekwa huandikwa jina na aina, na ikitolewa huandikwa tena. Daftari la Australia lilikwisha kuonyesha mwaka 2007 kwamba ASR inatolewa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na Desemba 2009 ikaondolewa katika soko la nchi hiyo, miezi kadhaa kabla ya dunia nzima. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tuliizoea katika maduka ya biashara. Kumbe inafaa pia katika chumba cha upasuaji.

Baada ya kusema hayo, tuzitazame njia za sheria. Ninaweza kuzigawa katika makundi mawili, na hapa wanafunzi wa lugha wataniwia radhi nikipitia mlango wa somo langu. Kundi la kwanza limejengwa juu ya neno "uzembe", na la pili juu ya neno "kasoro". Uzembe ni sifa ya mtu. Kasoro ni sifa ya kitu. Mwenye kudai kwa msingi wa uzembe hana budi kuthibitisha kwamba fulani alipaswa kuwa mwangalifu, kwamba hakuwa mwangalifu, na kwamba madhara yalitokana na kutokuwa mwangalifu huko. Mwenye kudai kwa msingi wa kasoro haulizwi habari za moyo wa mtengenezaji wala za bidii yake. Huulizwa tu iwapo kitu chenyewe kilikuwa salama inavyotakiwa.

Njia ya uzembe ndiyo kongwe. Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, ikiwemo Kenya, asili yake ya kisasa ni kesi maarufu ya Uskoti kuhusu chupa ya kinywaji cha tangawizi. Mwaka 1928, katika mkahawa mmoja wa mji wa Paisley, mwanamke alinunuliwa kinywaji hicho na rafiki yake, akadai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Yeye hakuwa amenunua kitu, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu. Hata hivyo mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajuani. Mgonjwa aliyelala juu ya kitanda cha upasuaji amefanana sana na mwanamke yule: kitu anachopewa hakuchagua yeye, hakukifungua yeye, na hawezi kukikagua kabla ya kuwekewa.

Taabu ya njia hii ni ushahidi. Mgonjwa atajuaje yaliyosemwa katika vyumba vya wahandisi ng'ambo? Kwa sababu hiyo nchi nyingi ziliongeza njia ya pili. Uingereza ilitunga Sheria ya Kuwalinda Watumiaji mwaka 1987, ikifuata agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1985, ambapo mtengenezaji hudaiwa kwa kasoro ya bidhaa bila ya uzembe wake kuthibitishwa. Kwa mtazamo wa kwanza, mgonjwa angedhani kwamba mambo yake yamekuwa mepesi. Hayakuwa mepesi hata kidogo.

Tuanze na Marekani. Huko maelfu ya kesi za ASR zilikusanywa mbele ya jaji mmoja wa mahakama ya taifa mjini Toledo, Ohio, ili maswali ya pamoja yashughulikiwe mara moja, huku kesi nyingine zikiendelea katika mahakama za majimbo. Machi 2013 jopo la raia waamuzi mjini Los Angeles lilisema nyonga hiyo ilikuwa na kasoro ya muundo, likaamuru mlalamikaji alipwe dola milioni 8.3. Mwezi uliofuata jopo jingine mjini Chicago, likiamua kesi ya mgonjwa mwingine wa nyonga iyo hiyo, likaipa kampuni ushindi. Msomaji aone jinsi kesi ilivyo bahati nasibu hata pale ambapo chuma ni kimoja! Novemba 2013 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kuwaridhisha wagonjwa wapatao 8,000 wa Marekani, huku malipo ya msingi yakiwa kama dola 250,000 kwa kila mmoja kabla ya makato. Lakini mapatano hayo yaliwahusu wale waliokwisha kutolewa nyonga. Aliyekuwa bado anayo mwilini, akingojea iharibike, hakuhesabiwa.

Kuna jambo jingine la Marekani ambalo wanafunzi wa sheria wangelitafakari. Vifaa vya tiba huingia sokoni kwa milango miwili mikuu. Mlango mmoja ni mwembamba: kampuni hutakiwa kuthibitisha usalama wa kifaa kwa majaribio mazito. Mwingine ni mpana: kampuni huonyesha tu kwamba kifaa kipya kinafanana vya kutosha na kingine kilichokuwapo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kifaa kilichopita mlango mwembamba kimekingwa dhidi ya kesi nyingi za majimbo, ilhali uamuzi wa mahakama iyo hiyo wa mwaka 1996 ulikuwa umeacha wazi njia ya kuvishtaki vile vilivyopita mlango mpana. ASR ilipita mlango mpana. Wagonjwa wake waliweza kushtaki kwa sababu nyonga yao ilikuwa imechunguzwa kidogo! Angalipewa nyonga iliyochunguzwa sana ikamharibikia vilevile, huenda mgonjwa angalifungiwa mlango wa mahakama.

Sasa tuvuke bahari twende London. Wagonjwa 312 waliishtaki kampuni hiyo kuhusu nyonga yake nyingine ya chuma juu ya chuma iliyoitwa Pinnacle, wakitegemea ile Sheria ya mwaka 1987. Kesi nzima iliuegemea ufafanuzi wa neno moja: kasoro. Sheria hiyo husema bidhaa ina kasoro iwapo usalama wake haufikii kiwango ambacho watu kwa jumla wana haki ya kukitarajia. Kiwango kipi hicho?

Hapa Kiswahili kinatusaidia kufikiri. Tunaposema "saa tatu kasorobo" hatusemi kwamba saa ni mbovu. Twasema kwamba imepungua robo ili itimie saa tatu. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, ni neno la upungufu, na upungufu hauwezi kutajwa bila kipimo kilichotimia. Mtu hawezi kusema "kasorobo" bila ya kusema ni kasorobo ya saa ngapi. Walalamikaji wa London walisema, kwa ufupi, kwamba nyonga inayotoa chembe za chuma na kuua nyama ya mtu imepungukiwa kwa kitendo hicho chenyewe. Mei 2018 Mahakama Kuu iliamua vingine. Jaji alisema kwamba kila nyonga ya bandia hutoa chembe inapotumika, na kwamba hakuna nyonga isiyokuwa na hatari. Linalopaswa kuthibitishwa ni kwamba hatari ya nyonga hii ilizidi isivyo kawaida ile ya nyonga nyingine zilizokuwapo wakati ilipoingia sokoni. Hilo halikuthibitishwa kwa takwimu, na wagonjwa wote 312 wakashindwa. Kule Dallas, Marekani, Desemba 2016, jopo la raia lilikuwa limeamuru zaidi ya dola bilioni 1 walipwe wagonjwa wachache tu wa nyonga iyo hiyo ya Pinnacle, ingawa baadaye jaji alikipunguza kiasi hicho hadi karibu nusu.

Funzo la London ni zito. Njia ya kasoro, iliyotungwa ili kumwondolea mgonjwa mzigo wa kuthibitisha uzembe, ilimtwika mzigo mwingine wa kuthibitisha kiwango kwa takwimu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ilimkatalia rufaa mgonjwa mmoja wa Uskoti aliyewekewa nyonga ya chuma ya kampuni nyingine, kwa sababu takwimu hazikuthibitisha kwamba aina ile iliharibika kuliko nyenzake. Daftari linaweza kukuokoa, na linaweza pia kukushinda. Lakini asiye na daftari kabisa hana hata uwanja wa kushindania.

Kisa cha India kinatuhusu zaidi sisi wa nchi zinazonunua vifaa badala ya kuviunda. ASR ilianza kuingizwa India mwaka 2006, na upasuaji takriban 4,700 ulifanywa kwa kuitumia. Leseni ya kuiingiza ilifutwa mwaka 2012, baada ya kupita miaka miwili tangu iondolewe sokoni duniani. Mwaka 2017 serikali iliunda kamati ya wataalamu. Kamati ilipotafuta wagonjwa ili walipwe, iligundulika kwamba zaidi ya watu 3,000 hawakujulikana walipo. Walikuwa wanatembea na chuma kile mwilini, pengine wakiudhania uchungu wao kuwa ni wa uzee, na hapakuwa na karatasi ya kuwafikia. Novemba 2018 serikali iliidhinisha utaratibu wa fidia ya kati ya rupia milioni 3 na milioni 12.3 kwa mgonjwa, kulingana na umri na ulemavu. Kampuni iliupinga utaratibu huo katika Mahakama Kuu ya Delhi, na Mei 2019 mahakama ikaambiwa kwamba ingewalipa wagonjwa 67 rupia milioni 2.5 kila mmoja. Linganisha 67 na 4,700. Linganisha pia na Australia, ambako mwaka 2016 kesi ya pamoja ilimalizika kwa mapatano ya dola za Australia milioni 250. Chuma ni kimoja na kampuni ni moja; kilichotofautiana ni nguvu ya sheria na ukamilifu wa kumbukumbu.

Je, mgonjwa wa Kenya asimame wapi? Ningemjibu mwalimu wangu kwamba milango ipo, tena si michache. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kulipwa fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro za bidhaa au huduma. Kifungu hicho kinazihusu taasisi za umma na watu binafsi kwa pamoja. Hali kadhalika, tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ambayo ina vifungu kuhusu bidhaa zisizo salama na zenye kasoro. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni ya tangu ukoloni, hutaka bidhaa iliyouzwa ifae kwa kazi iliyokusudiwa. Na njia ya uzembe, ile ya konokono wa Paisley, ingali wazi mbele ya mahakama zetu.

Anayeweza kudaiwa naye si mmoja. Daktari hudaiwa iwapo aliiweka nyonga vibaya au alipuuza malalamiko ya mgonjwa. Hospitali hudaiwa kwa makosa ya watumishi wake na kwa kifaa ilichokitoa. Aliyekiingiza nchini na kukiuza anaweza kudaiwa. Mtengenezaji wa ng'ambo pia, ingawa hapo mahakama zetu hutakiwa kutoa kibali cha kumfikishia hati nje ya nchi. Anayefikiria kwenda moja kwa moja katika mahakama za Marekani akumbuke kwamba mahakama za huko zina uwezo wa kuikataa kesi ya mgeni zikiona kwamba ingefaa isikizwe kwao. Tena haimpasi mgonjwa kwenda peke yake. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi haki za kikatiba zinapovunjwa, na kanuni za kesi za madai zinawaruhusu wachache kuwawakilisha wenzao wenye maslahi yaleyale.

Aidha, si kila lalamiko lazima liende mahakamani. Mwenendo wa daktari unaweza kulalamikiwa mbele ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo kazi yake kuu ni nidhamu ya wenye taaluma hiyo. Habari za kifaa kibovu hupelekwa katika Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo husimamia vifaa vya tiba pia. Njia hizi huenda zisimjaze mtu mfuko, lakini huacha maandishi, na maandishi hayo humsaidia mgonjwa wa pili na wa tatu.

Adui mkubwa wa mgonjwa ni kalenda. Kwa sheria yetu ya ukomo wa madai, aliyeumia kwa uzembe ana miaka mitatu ya kushtaki, na mwenye madai ya mkataba ana miaka sita. Anayeidai serikali kwa madhara ya namna hiyo ana miezi kumi na miwili tu. Kwa hivyo aliyepasuliwa katika hospitali ya umma asilale. Sasa, nyonga mbovu huumiza polepole. Mtu anaweza kuwekewa leo, akaanza kuumwa baada ya miaka minne, na kujua sababu baada ya miaka saba. Sheria haikulisahau jambo hilo kabisa: kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Madai humruhusu mtu aombe kibali cha mahakama cha kushtaki nje ya muda, akionyesha kwamba mambo muhimu ya kesi yake hayakuwa yamemfikia. Ulaya nako mlango umepanuliwa. Agizo jipya la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024, litakalotumika kwa bidhaa zinazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026, linaurefusha muda wa mwisho hadi miaka 25 pale ambapo madhara ya mwili yalichelewa kujitokeza. Sisi nasi tungefaa kujiuliza kama miaka mitatu inakitosha kitu ambacho kimeundwa kikae mwilini miaka ishirini.

Lakini milango yote hii ina ufunguo mmoja, nao ndio mwalimu wangu alioukosa. Ataulizwa: nyonga gani? Nani aliiunda? Nambari yake ngapi? Kifaa cha aina hii huja katika pakiti yenye stika zilizopigwa chapa ya jina, ukubwa na nambari za toleo, na stika hizo hukusudiwa zibandikwe katika kumbukumbu za upasuaji. Kwa hivyo kila mgonjwa, au mwanawe, au ndugu yake aliyemsindikiza, na aombe nakala ya ukurasa huo kabla ya kutoka hospitalini. Akinyimwa, ana Kifungu cha 35 cha Katiba kinachompa haki ya habari, hata zilizo mikononi mwa mtu binafsi, iwapo anazihitaji ili alinde haki yake. Anayo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu. Akianza kuumwa aandike tarehe. Ikiwa nyonga yake ni ya chuma juu ya chuma, amwombe daktari ampime kobalti na kromiamu katika damu. Uingereza ilianza kuwataka madaktari wawafuatilie wagonjwa wa aina hiyo mwaka 2010, na kuichukulia sehemu 7 kwa bilioni kuwa dalili ya kuhitaji uchunguzi zaidi. Na iwapo atapasuliwa tena, atoe agizo la maandishi kabla ya siku ya upasuaji kwamba kiungo kitakachotolewa kihifadhiwe. Kisha amwone wakili mapema, maana makala ya gazeti hayawezi kushika nafasi ya wakili.

Mzigo huu, hata hivyo, si haki kumwachia mgonjwa peke yake. Mtu aliyelazwa akiwa na maumivu hawezi kuwa karani wa hospitali. Tunahitaji daftari la taifa la viungo bandia ambalo kila hospitali, ya umma na ya kibinafsi, italazimishwa na sheria kulijaza. Asiniambie mtu kwamba sisi ni maskini. Malawi, ambayo si tajiri kutushinda, ilianza daftari lake mwaka 2005. Gharama ya kuandika mistari michache kwa kila upasuaji ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya upasuaji mmoja wa marudio, sembuse ya mguu uliopotea.

Walimu na wanafunzi wangu, nawasihi mlitafakari jambo hili hata kama nyonga zenu ni nzima. Walimu ni watu wa kusimama. Miaka thelathini mbele ya ubao huacha alama katika viungo. Katika kila shule mna mzee aliyestaafu anayechechemea akidhani ni umri. Mwulizeni kama ana karatasi zake. Na ninyi wanafunzi mnaojifunza kuandika ripoti na kumbukumbu, mkiona kazi hiyo inachosha, jueni kwamba kuna mtu anayeweza kupata au kupoteza mguu wake kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa au ulioachwa.

Nilimpigia simu mwalimu wangu juma lililopita. Nilimweleza kwamba miaka yake mitatu, hata ikianza kuhesabiwa tangu upasuaji wa mwaka 2022, imekwisha kupita, kwamba kibali cha mahakama kinaweza kuombwa, na kwamba bila ya jina la kiungo safari itakuwa ngumu. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia ameiandikia hospitali ile barua nyingine, akiitaka faili yake kwa kutaja kifungu cha Katiba, na kwamba safari hii ameweka nakala.